Natembea Tangu Alfajiri, Bado Naambiwa Nitembee

Asubuhi moja nilimsindikiza shangazi kliniki ya presha. Benchi lilikuwa na watu kama ishirini, kila mmoja na daftari lake la kliniki mapajani. Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye haraka. Alimpima, akaandika, kisha akasema maneno ambayo benchi zima liliyasikia maana pazia lilikuwa wazi: "Punguza chumvi, mama. Na ufanye mazoezi. Angalau utembee."

Shangazi akaitikia. Yeye ni mwalimu mstaafu, anakaa Mbezi, nyumba ina uzio na barabara ya mtaani kwake haina pilikapilika. Ushauri ule ulimwingia. Baada yake akaingia mama muuza vitumbua wa Tandika, umri wao unapishana mwaka mmoja tu, 71 na 72. Naye akapimwa, akaambiwa maneno yaleyale, hata mpangilio wake haukubadilika. Alipotoka akaketi karibu yetu kusubiri dirisha la dawa, akakaza khanga yake kiunoni, akasema bila kumlenga mtu: "Mimi natembea tangu saa kumi alfajiri, bado naambiwa nitembee."

Benchi lote likacheka. Mimi pia. Lakini swali lake ni gumu kuliko linavyosikika, na tangu siku ile nimekuwa nikilirudia. Mama huyu hakai. Anabeba, anainama, anachuchumaa, anasukuma toroli mchangani. Kama mwendo ni dawa, mbona presha yake iko juu kuliko ya shangazi aliyekaa barazani? Na kama anachofanya si mazoezi, mazoezi ni nini?

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo iliyoleta mkanganyiko. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mpya mwaka 2020. Mtu mzima, akiwemo mzee, anatakiwa apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule wa kukuhemesha kidogo lakini bado unaweza kuongea na mwenzako; au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali. Mwongozo wa zamani, wa mwaka 2010, ulitaka kila kipande kisipungue dakika 10. Huo wa sasa umeliondoa sharti hilo, kila dakika inahesabika. Hadi hapo wengi tunafahamu. Kinachosahaulika ni mistari miwili inayofuata: misuli ifanyiwe kazi siku 2 au zaidi kwa wiki, na mwenye miaka 65 na kuendelea aongeze, siku 3 au zaidi, mazoezi ya kujenga nguvu pamoja na kutoyumba. Daktari wetu alitaja kutembea tu. Simlaumu, alikuwa na watu ishirini nje. Ila kwa mzee, mistari ile miwili pengine ndiyo yenye uzito zaidi.

Sasa, hizo dakika zinapimwaje kitaifa? WHO ina dodoso lake lenye mafungu matatu: unavyojishughulisha kazini, unavyosafiri kwa miguu au baiskeli, na unavyojishughulisha kwa starehe zako. Dakika za mafungu yote zinawekwa kapu moja. Jembe linahesabika, ndoo ya maji inahesabika, kwenda gulioni kwa miguu kunahesabika sawasawa na kukimbia ufukweni na raba mpya.

Kwa hesabu hiyo, sisi ni mabingwa wa dunia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health, ukikusanya takwimu za nchi 168, ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya watu wazima duniani hawajishughulishi vya kutosha. Kuwait walikuwa asilimia 67, jambo ambalo ndugu zetu walioko Ghuba hawatalishangaa, kule gari linakufikisha hadi mlangoni. Uganda na Msumbiji walikuwa karibu asilimia 6 tu, chini kuliko wote, na Tanzania ilikuwa jirani yao kabisa kwenye orodha. Ukiisoma harakaharaka utadhani Afrika Mashariki hatuna tatizo.

Haya, twende Hai, Kilimanjaro. Watafiti waliowapima watu wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya wilaya ile walikuta karibu 7 kati ya 10 wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa na habari. Hao si watu wa sofa. Ni watu wa migomba, wa kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha mlimani kichwani. Mwendo wanao tele. Kwa hiyo ama mwendo hausaidii, ama kuna kitu ndani ya neno "mazoezi" ambacho kapu la dodoso limekichanganya.

Kazi na zoezi

Mtu aliyeianzisha elimu hii yote alianzia kwenye kazi, si kwenye viwanja vya michezo. Jerry Morris, daktari wa Uingereza, mwaka 1953 alichapisha matokeo yake kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa zamu nzima. Makonda walipanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Makonda waliugua moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Familia za hali moja, mwajiri mmoja, basi lilelile. Toka hapo dunia ikaamini kwamba mwili unaotembea unajilinda.

Baadaye watafiti, hasa wa Denmark na Uholanzi, wakaanza kuona kitu kisichokaa sawa. Mtu anayejishughulisha sana wakati wake wa mapumziko anaishi zaidi. Mtu anayejishughulisha sana kazini, hapana. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha tafiti nyingi ulikuta wanaume wenye kazi nzito walikuwa na hatari ya kufa mapema kwa asilimia 18 zaidi ya wenye kazi nyepesi. Kwa wanawake tofauti hiyo haikuonekana. Na wapo wanaopinga: wanasema si kazi inayoua, ni umaskini unaoandamana nayo, chakula, sigara, nyumba, matibabu ya kuchelewa. Ubishi haujaisha, na mimi nadhani pande zote mbili zina haki yake.

Lakini maelezo ya mwili yenyewe ni mepesi kueleweka, na ukiyaelewa utamwona muuza vitumbua kwa jicho jingine. Zoezi linapandisha mapigo ya moyo kwa muda mfupi, kisha mwili unatulia, na katika kule kutulia ndipo presha inashuka na misuli inajengwa. Msuli haukui wakati unabeba, unakua umelala. Kazi ya kutwa inapandisha mapigo na presha kidogo tu, haifiki kiwango cha kuupa moyo nguvu, lakini inakaa palepale saa nane, saa kumi, kesho tena, keshokutwa tena. Unalipa gharama za zoezi bila kupewa faida yake. Isitoshe, kazi haichagui viungo kwa faida yako. Inachagua vile inavyovihitaji, inavitumia hadi vinasagika, vingine inaviacha vilale.

Nilikwenda kumtembelea. Alikuwa amekwisha zoea maswali yangu, ananiita "mwandishi" kwa kejeli. Kigoda chake hakizidi shubiri moja na nusu kutoka ardhini. Anakikalia tangu saa kumi usiku huo hadi saa tatu asubuhi, jiko la mkaa mbele, chuma cha vitumbua juu yake, moshi ukifuata upepo. Mkono wa kulia unachota unga na kugeuza, wa kushoto unachochea makaa. Magoti yamekunjwa muda wote. Nilipofungua soda kizibo kikanishinda, akanipokonya chupa akakizungusha mara moja kama anachuma tembele. Mkono ni chuma. Kisha akataka kuinuka. Akashika ukuta, akasema Bismillahi, akasukuma kwa viganja vyote viwili, akanyanyuka nusu, akarudi chini, akanyanyuka tena. Mapaja hayana kitu. Miaka arobaini ya kazi imempa mkono wa kijana wa bandarini na miguu ya mgonjwa.

Huo ndio mkanganyiko wenyewe, na dodoso litamhesabia dakika mia kadhaa kwa wiki.

Kuna watu nchini kwetu wanaoonyesha kwamba mwendo wa kutwa si lazima uishie hivyo. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wamefungwa vipima-mapigo vya moyo na watafiti, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha wanapata zaidi ya saa mbili kwa siku za mwendo wa wastani hadi mkali, na wazee wao hawaachi. Bibi wa Kihadzabe anachimba mizizi kwa saa nyingi. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walijenga nadharia nzima ya maisha marefu ya binadamu juu ya bibi hao. Ila kuna upande wa pili ambao magazeti hupenda kuuruka. Utafiti mwingine wa watu haohao, wa mwaka 2020, ulikuta wanapumzika karibu saa 10 kwa siku bila kuhesabu usingizi, sehemu ya muda huo wakiwa wamechuchumaa au kupiga magoti, misuli ikiwa macho kidogo. Wanatembea sana, wanapumzika sana, na anayeamua lini ni wao wenyewe. Sitaki kuwageuza Wahadzabe kuwa hubiri. Wana shida zao, ya kwanza ikiwa ardhi inayozidi kumegwa. Nawataja kwa sababu wanaonyesha kitu ambacho muuza vitumbua hana: ruhusa ya kusimamisha kazi mwili ukichoka.

Umri unakula nini

Tuseme ukweli kuhusu uzee, maana nao tunaufumbia macho. Kuanzia miaka ya thelathini na kitu msuli unaanza kupungua, polepole. Baada ya 60 kasi inaongezeka, na nguvu inaondoka haraka kuliko unene wa msuli wenyewe. Kinachotangulia kabisa ni wepesi, ule uwezo wa kufanya jambo kwa kushtukia: kurudisha mguu bodaboda inapokatiza, kujidaka ukijikwaa kwenye kizingiti. Mzee haanguki kwa sababu hakuona. Mara nyingi ameona, mguu ndio umechelewa. Na nyonga ikivunjika, kinachofuata kwa familia nyingi ni kitanda, vidonda vya mgongoni, na watoto kupangiana zamu.

Habari njema ni kwamba msuli hauna kumbukumbu ya vyeti vya kuzaliwa. Mwaka 1990, katika nyumba ya wazee huko Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee dhaifu 10 wenye umri wa miaka 90 hivi, wakawanyanyulisha uzito wa miguu, uzito wa kweli si wa kubembeleza, kwa wiki 8. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili kati yao waliacha kutumia fimbo. Huko New Zealand, mpango unaoitwa Otago ulifundisha wazee nyumbani kwao mazoezi machache ya nguvu za miguu na ya kusimama bila kuyumba, na maanguko yakapungua kwa karibu theluthi moja. Hakuna mashine. Kuna kiti, meza ya kushikilia, na vizito vya kufunga kifundoni.

Kwa hiyo tukisema mzee afanye mazoezi, picha ya traksuti na barabara ya lami ifutike kwanza. Zoezi la kwanza la mzee ni kuinuka. Kupima ni rahisi: kiti kisicho na mikono kiegemezwe ukutani kisiteleze, mikono ikunjwe kifuani, mtu akae na kusimama kadiri awezavyo kwa sekunde 30, wewe unahesabu na kukaa karibu umdake. Jedwali linalotumiwa na taasisi ya afya ya umma ya Marekani, CDC, linasema mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10 yuko chini ya wastani. Mwanamume wa umri huo, chini ya 12. Shangazi alipata 11, akaringa. Muuza vitumbua alipata 6, na ya sita nilimhurumia.

Nikiwa hapo ngoja niseme jambo ambalo sijasikia likisemwa kliniki. Mwislamu anayeswali swala tano kwa kusimama na kusujudu ana rakaa 17 za faradhi kwa siku. Maana yake anainuka kutoka sakafuni mara 17, bila kuhesabu sunna. Hilo ni zoezi la mapaja na la kutoyumba ambalo mtaalamu yeyote angelilipia. Siku goti linapouma, mtu anahamia kwenye kiti. Ruhusa ipo, hakuna anayemlaumu. Lakini hakuna pia anayemwambia kwamba siku ile amepoteza mara 17 na kwamba anahitaji kuzilipa kwa njia nyingine. Shangazi alihamia kwenye kiti miaka mitatu iliyopita kwa maumivu ya wiki mbili. Maumivu yaliisha. Kiti kikabaki.

Na goti lenyewe lina uzushi wake. Linalouma kwa kusagika watu wanalipumzisha, wanalipaka dawa za kuchua, wanalifunga. Ukweli ni kwamba goti la namna hiyo linahitaji paja lenye nguvu, kwa sababu paja ndilo linalolibebea mzigo. Kulipumzisha miezi ni kulinyang'anya mbebaji wake. Ila ili mtu alijue hilo inabidi akutane na mtaalamu wa fiziotherapia, na hao ndio hawaonekani. KCMC kule Moshi wamewafundisha kwa miongo mingi. Lakini ukitoka hospitali kubwa ukaenda zahanati ya kata, utamkuta nani?

Nani anapata, nani hapati

Hapa ndipo maneno "fanya mazoezi" yanapoanza kufanana na "kuwa na afya njema," dua isiyo na nauli. Angalia kinachohitajika ili mzee atembee nusu saa kwa ajili ya mwili wake tu. Anahitaji nusu saa ambayo hailipi. Anahitaji njia iliyonyooka. Mitaa mingi ya Dar haina pa kupita mguu: pembeni kuna mtaro usio na mfuniko, mbele bodaboda, katikati daladala, na pale ambapo njia ya waenda kwa miguu ilijengwa kuna meza ya chipsi. Kijana anaruka. Mzee anapima umbali wa mtaro kwa macho, anarudi nyumbani.

Anahitaji macho. Mtoto wa jicho asiyetolewa ni kifungo cha nyumbani kuliko uvivu wowote. Anahitaji choo. Samahani kwa kulitaja, lakini mwulize mzee yeyote mwenye sukari au tezi dume kwa nini hatoki, na kama anakuamini atakwambia: hajui atajisaidia wapi. Choo cha kulipia kikiwepo ni cha kuchuchumaa, sakafu inateleza, hakuna cha kushika. Anahitaji pa kukaa akichoka, maana mzee asiyejua ataketi wapi haendi mbali. Na benchi la umma huku kwetu ni kitu cha kwenye picha.

Kwa wanawake kuna nyongeza mbili. Kwanza wajukuu. Mama yao yuko mjini, au Muscat, au ameshafariki, na bibi ndiye mwenye zamu. Watu watasema kulea kunamchangamsha, na ni kweli, lakini mtoto wa miaka miwili mgongoni si uzito unaopangiwa siku mbili kwa wiki na mapumziko katikati. Pili, aibu. Babu akionekana anatembea kwa haraka na fimbo yake, ni mkakamavu. Bibi akikunja khanga na kunyoosha mguu uwanjani, mtaa una la kusema: bibi mzima huyo, anarukaruka anatafuta nini? Nimeyasikia kwa masikio yangu, tena kutoka kwa wanawake wenzake.

Lakini isidhaniwe tajiri ana kila kitu. Hili lilinishangaza. Shangazi ana uzio, ana raba alizonunuliwa na mwanawe, ana barabara ya lami. Alitembea siku nne akaacha. Hakuwa na mtu. Jimu iliyo karibu inachezesha muziki wa vijana na vioo pande zote, na mkufunzi alimwita "bibi" kwa sauti ambayo hakuipenda. Uswahilini huku, ambako hakuna uwanja, kuna kitu ambacho pesa za Mbezi hazijakinunua: watu. Klabu za joging za Temeke, Mbagala, Tandika zenyewe, zinatoka alfajiri kwa mchakamchaka, jezi za rangi moja, nyimbo, filimbi, na zinaalikana mtaa kwa mtaa kama timu za harusi. Zanzibar vikundi vya mazoezi ya viungo ni utamaduni kabisa, na kila tarehe 1 Januari vinakutana kwa tamasha lao. Tatizo ni kwamba mzee katika klabu hizi ni mlezi, ni wa kukaa meza kuu na kugawa maji. Mwendo umepangwa kwa mapafu ya kijana wa miaka 25. Hakuna kundi la nyuma linalokwenda taratibu na halichekwi.

Inawezekana kulijenga. Limpopo, Afrika Kusini, Beka Ntsanwisi alianzisha mwaka 2007 timu ya mpira wa miguu ya mabibi, Vakhegula Vakhegula, jina lenyewe kwa Kitsonga likimaanisha mabibi-mabibi. Wanacheza na magauni, na vilemba, wanaanguka, wanainuka, na mtaa uliowacheka umekuwa unakuja kuwashangilia. Sehemu iliyonivutia si mpira. Ni kwamba aibu ikigawanywa kwa watu kumi na moja haibaki kubwa.

Serikali nazo zimejaribu. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi Tanzania. Nia nzuri, na kwa wiki kadhaa tuliona viongozi wakihema kwenye televisheni. Lakini Jumamosi ndiyo siku kubwa ya vitumbua. Kigali walianza Mei mwaka huohuo kufunga barabara kwa magari Jumapili moja ya mwezi, baadaye zikawa mbili, na njiani wanapima watu presha na sukari bure. Mimi naipenda zaidi hiyo, kwa sababu haimwambii mtu afanye nini. Inamwondolea magari tu, kisha inampima.

Na nikiulizwa ni sera gani ya mazoezi ya wazee iliyo bora Afrika Mashariki, nitajibu kitu ambacho hakimo kwenye fungu la michezo kabisa: pensheni jamii ya Zanzibar. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi mwenye miaka 70 na zaidi analipwa kila mwezi, awali shilingi 20,000, baadaye 50,000. Kenya nayo, kupitia Inua Jamii, inawapa wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya. Si pesa za kujenga nyumba. Lakini zinaweza kumnunulia mzee siku mbili tatu za kutobeba, na siku hizo ndizo msuli unapojengwa. Bara pensheni ya kila mzee haipo. Muuza vitumbua ana kitambulisho cha matibabu ya bure na dirisha lake la wazee, anavishukuru. Kitambulisho hakipiki.

Basi tulifanya vidogo vilivyowezekana. Mjukuu wake fundi seremala aliunga meza ya kuinulia jiko na stuli yenye kimo cha kiti cha kawaida, mbao za mabaki, misumari nilinunua mimi. Sasa kila mteja akija anasimama kumhudumia, akiondoka anaketi. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba unga unamwagika, kwamba anaonekana kama mhudumu wa hoteli. Wiki ya tatu aliacha kulalamika. Akaongeza kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika meza, wakati mafuta yanapata moto. Jumatatu anafunga kabisa, mkwewe akichukua zamu, na jioni ya siku hiyo wanawake wanne wa jirani wanakutana nyuma ya madrasa, ambako hakuna mtu wa kuwatazama, na kuinuka na kukaa kwenye viti vya plastiki. Presha bado anaimezea dawa. Chumvi bado tunabishana.

Shangazi alinisikia nikisimulia akataka kwenda kuona. Nikampeleka Jumamosi, saa mbili asubuhi, foleni ya wateja ikiwa imepungua. Wakakumbukana kutoka kwenye benchi. Nikaomba nimpime tena muuza vitumbua, sekunde 30, simu mkononi, shangazi akihesabu kwa sauti ya darasani. Alipofika ya tisa muda ulikuwa bado unadai, akasimama wima, akaufuta mkono kwenye khanga.

"Inatosha," akasema. "Vitumbua vinaungua."